Sistimu Haiko Daun, Ni Saa Yako

Wacha niseme kitu kitakachoniletea shida na mafundi wengi wa kompyuta, wakiwemo wale tunaonunuliana chai: "zima apdeti" si matengenezo. Ni kumziba mgonjwa mdomo ili asilalamike.

Unajua vile huwa. Deskitopu inaanza kusumbua. Apdeti inafika asilimia 30, inarudi nyuma, inakutupia namba ndefu kama ya tokeni za stima. Unampigia fundi. Fundi anakuja, hiyo namba haisomi, anaingia mahali anazima huduma nzima ya masasisho, anachukua 500 yake na kuondoka. Kompyuta inanyamaza. Wewe unafurahi. Miezi kadhaa baadaye tovuti fulani inakataa kufunguka kwa mashine yako, na jibu unalopewa ni lile tumelizoea Kenya nzima: sistimu iko daun.

Mara nyingi haiko daun. Mara nyingi ni mashine yako ndiyo imebaki nyuma.

Niko Sotik. Kama hujawahi kufika, ni ule mji unaoupita ukitoka Kericho ukienda Kisii, Kaunti ya Bomet, majani chai kila upande mpaka macho yanachoka na kijani. Anti yangu ana saiba ya mashine tano hapa, zote deskitopu, zote eks-UK, yaani zilishafanya kazi kwa ofisi za watu huko kabla ya kuvuka bahari kuja kuchapa barua za chifu. Mchana namsaidia, usiku narekodi video. Na swali ninaloulizwa kuliko yote si "nitapataje pesa na AI". Ni hili: "Dada, apdeti imekataa, nifanye?"

Basi leo nimeamua kujibu mara moja, kwa mapana, alafu nitakuwa natuma tu linki.

Kwanza, tunazichukia kwa sababu

Kabla hujaniita wakili wa makampuni, nakubali: sisi tuna sababu za kuzichukia apdeti.

Microsoft hutoa masasisho yake makuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi ya kwao. Huku kwetu hiyo ni saa 2 au saa 3 usiku. Furushi moja linaweza kuwa mamia ya MB. Aliyepanga hivyo alimfikiria mtu mwenye fiba nyumbani na stima isiyopotea. Hakumfikiria mtu aliyewasha hotspoti ya simu akiwa amebakisha bando la MB 700 mpaka Ijumaa. Huyo anaamka asubuhi, bando limekwisha, na sasisho limefika nusu. Hana bando, hana sasisho.

Alafu kuna ile ya mashine kujizima na kujiwasha ukiwa katikati ya kazi. Mteja amejaza fomu kurasa nne, kioo kinageuka buluu, duara linazunguka, "usizime kompyuta yako". Na huku Sotik mchana mvua ikianza kuunguruma, usizime ama zima si uamuzi wako. Ni uamuzi wa radi.

Kwa hivyo simcheki mtu aliyezima apdeti. Ninachosema ni kwamba alitibu hasira yake, hakutibu kompyuta.

Ile namba inasema kitu

Hapa ndipo mafundi wengi wananikosea. Namba ya kosa si mapambo. Inakuambia ugonjwa. Sihitaji ukariri zote, lakini hizi 4 zinamaliza sehemu kubwa ya kesi ninazoona:

0x80070070: diski imejaa. Hiyo tu. Hakuna uchawi.

0x80072EE2: muunganisho umechukua muda mrefu mpaka kompyuta ikakata tamaa. Intaneti yako inachechemea.

0x80072F8F: kompyuta na seva zimeshindwa kuaminiana, na mara nyingi sababu ni tarehe na saa.

0x80070422: huduma ya masasisho imezimwa. Kwa lugha ya mtaa: fundi alipita hapa.

Hiyo ya mwisho hunichekesha kila mara. Mtu analeta mashine akilalamika apdeti zimekataa, kumbe kuna mtu alilipwa azikataze.

Sasa tuziingie moja moja, kwa mpangilio ninaoufuata mimi. Naanza na kitu cha bei rahisi kabla ya kitu cha bei ghali. Ukianza kwa kufuta Windows yote na kuweka upya, umebomoa nyumba kwa sababu ya kitasa.

Angalia saa

Kuna kijana alikuja kwetu siku ya mwisho ya kuomba nafasi ya chuo. Alikuwa ametoka saiba nyingine, jasho usoni, bahasha kwapani.

"Dada, huko nimetoka wameniambia sistimu iko daun. Na leo ndiyo mwisho."

"Wamekuambia ama umeona?"

"Nimeona. Iko nyekundu. Hata nimepiga picha."

Nikamwambia anionyeshe. Ilikuwa onyo la brauza kwamba muunganisho si salama. Lakini mimi sikuangalia onyo. Niliangalia pembe ya chini kulia, pale saa hukaa. Tarehe ilikuwa 1/1/2009.

Mwaka 2009 huyo kijana alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Nilimkalisha kwa mashine yetu, ukurasa ukafunguka, akajaza, akatuma, akaondoka akipiga simu kwao kwa Kipsigis akicheka. Kabla ya kuja kwetu, aliniambia, alikuwa ameanza kutembea kuelekea stejini arudi nyumbani. Hapo ndipo nataka ufikirie kidogo. Mtu alikaribia kukosa chuo kwa sababu ya betri ndogo duara, ukubwa wa shilingi, inayoitwa CR2032.

Hiyo betri iko ndani ya deskitopu, kwenye bodi kuu. Kazi yake ni kushikilia saa na mipangilio ya msingi stima ikiwa haipo. Mashine za eks-UK zimekaa miaka, betri imeisha. Stima ikipotea usiku, asubuhi kompyuta inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Na tovuti zote salama, pamoja na seva za masasisho, hutumia vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta iliyo 2009 ikionyeshwa cheti cha juzi inasema: hiki bado hakijazaliwa. Inakikataa. Na kwa macho yake iko sahihi kabisa.

"Lakini si saa hujirekebisha yenyewe kupitia mtandao?" Hujirekebisha ikiwa imekosea kidogo. Kwa kawaida huduma ya saa ya Windows kwa mashine ya kibinafsi haigusi tofauti inayozidi saa 15. Ikiona umepotea miaka, inakuacha hapo hapo. Lazima uweke tarehe kwa mkono, uchague ukanda wa saa wa Nairobi, alafu ununue betri. Zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua kifuniko, toa ya zamani, weka mpya, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Umemaliza.

Yule jirani wa saiba nilimpigia jioni. Kesho yake alibadilisha betri za mashine zake zote tatu. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna mtu aliwahi kumwambia.

Angalia diski

Diski nyingi za deskitopu zetu siku hizi ni SSD ndogo zilizowekwa baadaye ili mashine iende haraka. Wazo zuri, lakini ndogo hujaa haraka. Na Windows ikisasisha haihitaji tu nafasi ya kuweka furushi. Inahitaji nafasi ya kulifungua, na nafasi ya kuweka mambo ya zamani kando ili kazi ikiharibika iweze kurudi.

Kwa hivyo usiniambie "imebaki GB 3, si inatosha". Haitoshi. Ondoa filamu kwa folda ya vitu ulivyopakua. Mwaga pipa la taka. Kwa mipangilio ya mfumo kuna sehemu ya hifadhi, inakuonyesha faili za muda na mabaki ya Windows ya awali, ambayo hukaa kwa folda inayoitwa Windows.old na inaweza kumeza GB nyingi. Ukishahakikisha mashine iko sawa na hutaki kurudi nyuma, futa. Mimi huacha angalau GB 20 wazi na silali na wasiwasi.

Angalia intaneti, na ugawane

Kwa mipangilio ya wai-fai kuna mahali pa kuiambia Windows kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Ukiwasha hiyo, masasisho makubwa hayajipakui yenyewe. Ni kitu kizuri kwa mtu wa bando. Ubaya ni watu huwasha wakasahau, alafu mwaka mzima wanashangaa kwa nini apdeti haisogei. Ukipata wai-fai ya maana, izime, pakua, alafu uiwashe tena.

Kama una mashine zaidi ya moja mahali pamoja, kuna jambo wengi hawalijui. Windows 10 na 11 zinaweza kugawana masasisho kwenye mtandao wa ndani: mashine moja inapakua, zingine zinachukua vipande kutoka kwake badala ya kurudi tena Marekani. Iko kwa mipangilio ya masasisho, sehemu ya namna ya kupokea. Ruhusu mashine za mtandao wako wa ndani tu, usiruhusu za intaneti nzima, ama utakuwa unawalisha watu usiowajua kwa bando lako. Kwa saiba ya mashine tano hiyo ni pesa halisi.

Na muda. Sisi tunasasisha asubuhi mapema, anga likiwa safi. Mvua ya huku hupenda mchana, na ikija na mawe na radi, stima haina ahadi. Ukiwa na UPS yenye betri hai, hata afadhali. Pia weka saa zako za kazi kwa mipangilio, ili mashine ijue kutoka saa fulani mpaka saa fulani isijizime yenyewe mteja akiwa hapo.

Kama furushi liliharibika njiani

Watu wa chai mtanielewa hapa. Majani yakifika kituo cha kununulia, karani haangalii sura yako, anaangalia gunia. Majani mawili na chipukizi, mabichi, anapokea. Yakiwa yameungua kwa joto, anakataa, na hata urudi mara kumi na gunia lile lile atakataa mara kumi.

Windows hufanya hivyo. Kila faili ya sasisho ina sahihi ya kidijitali. Stima ikipotea ukiwa unapakua, ama bando likiisha katikati, unaweza kubaki na furushi bovu. Kompyuta inalikagua, inalikataa, kesho inajaribu lile lile tena. Ndiyo ile apdeti inayofika asilimia fulani na kurudi kila siku. Dawa ni kumwaga gunia na kuchuma upya.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop wuauserv, bonyeza Enter, kisha net stop bits. Nenda kwa C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, futa vilivyo ndani, usifute folda yenyewe. Rudi uandike net start wuauserv na net start bits. Washa mashine upya, jaribu tena.

Ikikataa bado, huenda faili za Windows zenyewe zimeumia. Andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ngoja, na uwe na intaneti maana inaweza kupakua vipande vya kurekebishia. Kisha sfc /scannow. Itachukua muda. Enda ukanywe chai.

Na kama huduma imezimwa, ile 0x80070422, fungua orodha ya huduma za Windows, tafuta ya masasisho, itoe kwa "imezimwa", uiwashe. Hapa pia ndipo utakutana na kreki. Programu nyingi za wizi huzima masasisho kwa makusudi, ama huandika anwani za seva kwa faili inayoitwa hosts ili mashine isizifikie. Sasisho likipita, kreki inakufa, kwa hivyo kreki inajilinda. Ulidhani umepata Office ya bure, kumbe umeweka bawabu asiye wako mlangoni, na hujui usiku anamfungulia nani.

Si kila kosa ni lako

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili. Kuna wakati unafanya kila kitu sawa na apdeti bado inakataa kwa sababu waliyoituma wameituma vibaya.

Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441. Mashine nyingi duniani ziligoma na kosa 0x80070643, kwa sababu ile sehemu ya diski iliyotengwa kwa uokoaji ilikuwa ndogo mno. Mtumiaji wa kawaida hakuwa hata anajua sehemu hiyo ipo.

Na tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu la programu yake. Mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka, ndege zikakwama, hospitali na benki zikahangaika. Hiyo haikuwa virusi. Ilikuwa apdeti.

Sasa mtu atasema: "Si unaona! Ndiyo maana mimi nilizima."

Hapana. Linganisha na hii. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu kubwa ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei 2017, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry ikaingia kupitia tundu lile lile, ikafunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kuwaitisha pesa. Hospitali za serikali Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imeshatolewa. Walioumia zaidi ni ambao hawakuwa wamesasisha.

Kwa hivyo kuna tofauti kati ya kungoja na kuzima. Windows 10 inakuruhusu kusimamisha masasisho mpaka siku 35. Mimi hungoja wiki moja hivi, nasikia kama kuna kilio huko nje, kukiwa kimya naruhusu. Hiyo ni tahadhari. Kuzima milele si tahadhari, ni kuacha mlango wazi kwa sababu siku moja kitasa kilikubana kidole.

Kuna zile ambazo hazitapona

Hapa ndipo pagumu, na sitaki kukudanganya na namba za amri.

Windows 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020. Chrome toleo la 109 ndilo la mwisho linalokubali Windows 7 na 8.1. Kutoka Februari 2023 Chrome ilisonga mbele bila wao. Ukiwa na mashine ya hivyo na unashangaa kwa nini Chrome haijisasishi, hakuna kosa la kurekebisha. Ni umri.

Kisha ikafika zamu ya Windows 10: tarehe 14 Oktoba 2025. Oktoba. Kama umekulia huku unajua Oktoba ni mwezi gani. Ni mwezi wa bonasi ya majani. Na mwaka huo bonasi ya upande wetu ilikuwa chungu. Wakulima wa Kericho na Bomet walilalamika waziwazi kwamba kilo yao imelipwa chini sana kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Ndipo mimi nikaenda kumwambia anti kuhusu Windows.

"Anti, hizi mashine mwisho wake wa kuhudumiwa ni mwezi huu. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama, TPM 2.0. Zetu hazina."

Aliniangalia kwa muda. "Nilinunua hizi mashine na bonasi. Sasa unaniambia zimekufa na bado zinawaka?"

Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sina. Kompyuta inawaka, inachapa, inafungua kila kitu, na mtu fulani mbali ameamua imezeeka. Kusema kweli, hilo linaniudhi kuliko namba yoyote ya kosa. Nchi zinazotupa mashine ndizo zinaandika sheria ya mashine gani imeisha, na sisi tunaozinunua mkono wa pili tunanunua pia miezi michache iliyobaki.

Lakini hasira hailindi pasiwadi ya mtu. Kwa hivyo tulifanya mambo mawili. Mashine nne tuliziandikisha kwa mpango wa masasisho ya usalama ya ziada, unaoendelea mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Lazima mashine iwe na toleo la 22H2 na uingie na akaunti ya Microsoft. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao hulipi, ama unaweza kulipa dola 30, na akaunti moja inabeba hadi mashine 10. Ya tano, ile dhaifu kuliko zote, tuliiwekea Linux Mint. Ni ya bure, inasasishwa, inafungua brauza na kuchapa barua bila shida. Haifai kwa kila kitu, maana kuna fomu za Excel zenye makro zinazohitaji Excel yenyewe, lakini kwa mtu anayekuja kusoma barua pepe hata hajui kuna tofauti. Mwalimu mmoja mstaafu aliitumia wiki nzima alafu akaniuliza kama tumenunua mashine mpya.

Kwa nini nakazana hivi

Kwa sababu saiba si duka la kuchapisha tu. Fikiria ni nini hupita kwa zile kibodi kwa siku moja: namba ya kitambulisho, PIN ya KRA, pasiwadi ya eCitizen, picha ya cheti cha kuzaliwa, fomu ya HELB. Mama anatoka shamba na gamubuti, anakuambia "mtoto wangu, nisaidie na hii ya SHA", anakupa simu, anakupa kitambulisho, anakuambia pasiwadi kwa sauti mbele ya foleni yote. Amekuamini kwa sababu hana njia nyingine.

Huyo mama hajui maana ya 0x80070422, na hahitaji kujua. Ni mimi ninayehitaji kujua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inasema anayeshika taarifa za mtu ana wajibu wa kuzilinda. Haisemi wajibu huo unaisha bando likiisha.

Na wewe kijana unayesoma hii Nairobi ama Eldoret ukidhani ni mambo ya mashambani: deskitopu ya hosteli mnayogawana, ya ofisi ya NGO unapofanya atachi, ya kanisa inayorusha ibada, ziulize maswali hayo hayo. Mara ya mwisho ilisasishwa lini? Nani aliizima? Kwa nini?

Nina ombi moja pia kwa watengenezaji. Shule zetu zilitufundisha kuiita tarakilishi, Windows 10 yenyewe ilikuwa na pakiti ya Kiswahili cha Kenya, na bado mashine ikijaa inamwambia mtu 0x80070070. Andikeni "diski imejaa". Ni maneno mawili. Mngewanyima mafundi wengi mia tano za bure.

Mpaka hapo watakaposikia, siku nyingine ukiambiwa sistimu iko daun, usibishane. Tazama tu pembe ya chini kulia. Kama tarehe si ya leo, mwambie mwenye saiba polepole, kwa heshima, alafu mwonyeshe mahali CR2032 zinauzwa.